Kurudisha Mfupa wa Taya kabla ya Kupandikiza Meno: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wagonjwa huniuliza mara kwa mara, mengine wakiwa wamelala kwenye kiti, na mengi wakiwa wamekwisha kushika kitasa cha mlango, kwa sababu hapo ndipo swali lililokuwa likiwakera kwa muda mrefu hupata njia ya kutoka. Nimeyajibu kwa urefu tofauti kwa kuwa uzito wake haulingani. Majibu haya hayachukui nafasi ya uchunguzi wa daktari anayekiona kinywa chako, lakini yatakuwezesha kumwuliza maswali ya maana.

Niling'oa jino miaka mitano iliyopita na fizi ikapona vizuri. Kwa nini naambiwa sasa kwamba mfupa hautoshi?

Fizi hupona juu ya mfupa uliobaki, hata kama uliobaki ni kidogo. Sehemu ya taya inayoshika meno huota pamoja na meno na hudumu kwa sababu ya meno. Kila unapotafuna, nyuzinyuzi zinazolifunga jino kwenye tundu lake huuvuta mfupa kidogo, na mvuto huo ndio unaouambia mwili kwamba mfupa huo bado una kazi. Jino likitoka, nyuzinyuzi hizo hupotea pamoja na sehemu ya mishipa ya damu iliyokuwa ikipita humo, na ukuta wa mfupa ulio upande wa mdomo, ambao katika meno ya mbele mara nyingi haufikii unene wa milimita 1, huanza kunyonywa na mwili.

Lars Schropp na wenzake wa Denmark walipima jambo hili kwa wagonjwa walioondolewa jino moja, na mwaka 2003 walieleza kwamba upana wa ukingo wa taya ulipungua kwa karibu asilimia 50 ndani ya miezi 12, huku theluthi mbili za upungufu huo zikitokea katika miezi 3 ya kwanza. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, weka ncha ya kidole juu ya pengo la zamani la jino la mbele, kisha ukisogeze kuelekea upande wa mdomo. Utahisi kidole kikiingia kwenye kibonde, na kibonde hicho ndipo ukuta wa mfupa ulipokuwa.

Jino la kupandikiza linahitaji mfupa kiasi gani?

Kipandikizi ni skrubu ya titani inayokaa ndani ya mfupa mahali pa mzizi. Skrubu ya kawaida ina kipenyo cha milimita 4 hivi, na tunapenda ibakiwe na mfupa wa milimita 1.5 hadi 2 upande wa mdomo na angalau milimita 1 upande wa ndani, kwa hiyo ukingo wa milimita 6 au 7 hutupa utulivu wa moyo. Kwa urefu, vipandikizi vingi huwa na milimita 8 hadi 10, ingawa vipo vifupi vya milimita 6. Katika taya ya chini tunaacha nafasi ya milimita 2 juu ya mfereji wa neva, kwa kuwa neva hiyo ikiumia, mdomo wa chini na kidevu vinaweza kubaki na ganzi kwa miezi mingi au daima. Vipimo hivi havitoki katika kuangalia kwa macho wala katika eksirei ya kawaida peke yake, bali hupatikana kwa picha ya CT ya taya, ambayo huonyesha upana pamoja na kimo.

Sababu ya mahitaji hayo yote ni kwamba titani haigundishwi kwenye mfupa, ila mfupa wenyewe huota na kuishika. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aliligundua jambo hili mwaka 1952 alipojaribu kuondoa vyombo vya titani alivyokuwa ameviweka katika miguu ya sungura ili kuchunguza damu, akakuta havitoki. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, alipandikizwa mwaka 1965 na akaishi na vipandikizi hivyo kwa zaidi ya miaka 40. Skrubu ikikaa katika mfupa mwembamba, itashikwa upande mmoja na kuachwa wazi upande mwingine, na fizi itaanza kuporomoka kabla mgonjwa hajaizoea tabasamu yake mpya.

Tiba za kibaiolojia ni zipi hasa?

Ni tiba zinazoutumia uwezo wa mwili wa kujenga mfupa, badala ya kuliziba pengo kwa kitu kisicho na uhai. Wengi wetu tumeona nyumba ya udongo ikijengwa. Fito husimamishwa na kufungwa kwanza, kisha mafundi huja kukandika, na mafundi hao hawaji mpaka waitwe. Mfupa nao hutaka vitu hivyo hivyo vitatu. Hutaka kiunzi cha kuota juu yake, hutaka seli zinazojenga, na hutaka ishara ya kuziita seli hizo, kwani mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Unga wa mfupa wa ng'ombe au wa madini hutoa kiunzi tu. Protini za ukuaji hutoa mbiu. Mfupa uliochukuliwa kwa mgonjwa mwenyewe huja na vyote vitatu, na ndiyo maana umebaki kuwa kipimo ambacho tiba nyingine zote hulinganishwa nacho.

Kwamba ipo mbiu ya namna hiyo tulijua kutokana na Marshall Urist, daktari wa mifupa wa Los Angeles, ambaye mwaka 1965, mwaka uleule wa mgonjwa wa kwanza wa Brånemark, aliandika kwamba mfupa ulioondolewa madini yake na kuwekwa ndani ya msuli wa mnyama ulizaa mfupa mpya hapo msulini, mahali ambapo mfupa hauna kawaida ya kuota. Kitu fulani ndani ya mfupa ule mkavu kilikuwa kikiziita seli. Ilichukua miaka mingi kukitambua kitu hicho, ambacho ni kundi la protini zinazojulikana kwa kifupi kama BMP.

Nimeambiwa watanitoa damu, waizungushe, kisha wanirudishie mdomoni. Hiyo inafanyaje kazi?

Hiyo ni tiba ya faibrini (nyuzi za protini zinazoigandisha damu) yenye chembe sahani nyingi, yaani zile chembe ndogo za damu zinazosaidia kuziba kidonda, maarufu kwa kifupi cha PRF, iliyoanzishwa na Joseph Choukroun wa Ufaransa mwaka 2001. Nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo tiba ya kibaiolojia inayopatikana kwa urahisi zaidi, na ndiyo pia inayosifiwa kupita kiasi.

Damu hutolewa mkononi kama ya kipimo chochote, ikaingizwa kwenye mirija ya mililita 9 au 10 isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Hapo hakuna kupoteza muda, kwa kuwa damu huanza kuganda ndani ya dakika moja au mbili, na mirija huwekwa mara moja kwenye mashine inayozunguka mara 2,700 kwa dakika, kwa muda wa dakika 12, au kwa kasi na muda unaokaribiana na huo. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, damu huganda bila kujitenga vizuri, na mgonjwa hutolewa nyingine, kwa hiyo kliniki makini huhakikisha kwanza kwamba jenereta inafanya kazi.

Mrija ukitoka mashineni una matabaka matatu. Chini kuna wekundu mzito wa chembe nyekundu, juu kuna majimaji ya rangi ya mbegu za ndimu, na katikati kuna donge la manjano linalotikisika kama jeli. Daktari hulivuta donge hilo kwa kibanio, akakata wekundu kwa mkasi huku akiacha ukingo mdogo mwekundu, maana chembe sahani na chembe nyeupe hujazana pale mpakani. Kisha donge hukandamizwa taratibu ndani ya kisanduku cha chuma mpaka liwe utando laini unaoweza kushonwa juu ya kidonda, au hukatwa vipande vidogo na kuchanganywa na unga wa mfupa ili unga ushikamane na usitawanyike.

Utando huo huachilia vichochezi vya ukuaji kwa siku kadhaa, vikiwemo vile vinavyoita mishipa mipya ya damu. Faida yake kwa fizi inaonekana wazi. Kidonda hufunga upesi, maumivu hupungua, na baada ya kung'oa magego ya mwisho ya taya ya chini hupunguza lile tatizo la tundu kukauka ambalo humkosesha mtu usingizi. Kwa upande wa mfupa, hata hivyo, napenda kusema bila kuficha kwamba matokeo ya tafiti yanatofautiana. Utando huyeyuka ndani ya takriban wiki mbili, na kitu kinachoyeyuka mapema hivyo hakiwezi peke yake kushikilia nafasi ambayo mfupa unahitaji miezi kuijaza. Kwa tundu lenye kuta nzima unaweza kutosha. Kwa ukingo uliokwisha kubonyea, ni msaidizi mzuri wa unga wa mfupa, na anayekuahidi kwamba damu yako pekee itaurudisha mfupa wote ameivusha tiba hiyo mpaka wake.

Na ile protini inayotengenezwa maabara?

BMP-2, mojawapo ya zile protini za BMP, hutengenezwa na seli zilizopandikizwa jeni ya binadamu, kisha huyeyushwa na kunyunyiziwa sifongo cha kolajeni (protini ya ngozi na mifupa) ya ng'ombe ambacho huwekwa mahali mfupa unapotakiwa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiruhusu mwaka 2002 kwa uti wa mgongo, na mwaka 2007 ikairuhusu kwa kuinua sakafu ya sinasi, ule uwazi wenye hewa ulio juu ya magego ya taya ya juu, na kujaza ukingo wa taya kwenye matundu ya meno yaliyong'olewa. Ina uwezo wa kweli wa kuota mfupa bila kukata mfupa mwingine wa mgonjwa.

Uwezo huo una bei yake. Uso huvimba kuliko ilivyo kawaida ya upasuaji huu, wakati mwingine kwa siku nyingi, na mgonjwa asipoandaliwa hudhani ameambukizwa. Mwaka 2008 mamlaka ile ile ilitoa tahadhari kuhusu uvimbe uliohatarisha upumuaji pale protini hiyo ilipotumiwa kwenye mifupa ya shingo, matumizi ambayo haikuwa imeyaidhinisha. Mjamzito na mtu mwenye saratani hawapewi. Sifongo chake pia ni laini na hubonyea kwa shinikizo la shavu, kwa hiyo pengo pana huhitaji wavu wa titani wa kuishikilia nafasi. Mimi huiona kuwa dawa ya mahali maalumu, na sioni sababu ya kuitumia kwa pengo dogo la jino moja ambalo unga wa kawaida na utando vingelimaliza.

Unga wa mfupa hutoka kwa nani? Mimi ni Mwislamu na nisingependa kuwekewa kitu cha nguruwe.

Swali hili lingepaswa kuulizwa na daktari kabla ya mgonjwa, na nasikitika kwamba mara nyingi haliulizwi. Asili za unga ni nne. Upo wa mgonjwa mwenyewe, unaokwanguliwa kidevuni, nyuma ya gego la mwisho au kwenye nyonga. Upo wa binadamu aliyefariki na kutoa viungo, unaosafishwa na kuhifadhiwa katika benki za tishu. Upo wa wanyama, hasa ng'ombe, ambao huondolewa protini zote hadi yabaki madini pekee. Na upo wa kutengenezwa, kama haidroksiapatiti na trikalsiamu fosfati, ambao hautokani na kiumbe yeyote.

Mara nyingi mahali panaposahauliwa ni utando unaofunika unga huo, kwa sababu tando nyingi za kolajeni zinazouzwa duniani zimetokana na ngozi au tishu za nguruwe, na nyingine za ng'ombe. Asili huandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi, na una haki ya kuonyeshwa karatasi hiyo kabla ya kutia sahihi ya ridhaa. Kwa Mwislamu, kwa Msabato anayejiepusha na nguruwe na kwa Mhindu asiyetaka cha ng'ombe, zipo njia zinazowezekana kitabibu, ukiwemo utando wa PRF wa damu yako mwenyewe na tando za kutengenezwa. Kwa Shahidi wa Yehova, hata damu yake mwenyewe ikishatoka mwilini inaweza kuwa suala la dhamiri, na yeye ndiye wa kuamua baada ya kuelezwa hatua zote. Nimewahi kukutana na mama mmoja aliyegundua asili ya utando wake miezi sita baada ya upasuaji. Mfupa ulikuwa umeota vizuri sana, lakini imani yake kwa waliomtibu ilikuwa imevunjika, na sikuwa na la kumwambia isipokuwa kwamba alistahili kuelezwa mapema.

Seli shina zinaweza kuotesha taya upya?

Kwa majaribio, ndiyo. Seli shina ni seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zikiwemo za mfupa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walichapisha matokeo ya wagonjwa 11 wenye taya za chini zilizopukutika vibaya. Uboho ulivutwa kutoka kwenye nyonga, seli zake zikakuzwa katika maabara huko Ulm, Ujerumani, kisha zikawekwa kwenye taya zikiwa zimechanganywa na chembechembe za fosfati ya kalsiamu, na mfupa ulioota ulitosha kushika vipandikizi. Miaka mingi kabla yake, mwaka 2004, kundi la Patrick Warnke huko Kiel lilieleza habari za mgonjwa aliyepoteza sehemu kubwa ya taya kwa saratani. Walimtengenezea umbo la taya kwa wavu wa titani, wakalijaza madini ya mfupa, BMP-7 na uboho wake mwenyewe, wakalificha ndani ya msuli wa mgongo wake kwa wiki 7, ndipo wakalihamishia usoni.

Kazi hizo zinanipa matumaini makubwa. Lakini seli zinazokuzwa nje ya mwili huhitaji maabara safi kama ya kutengeneza dawa, wiki kadhaa za kusubiri na uangalizi mkali wa kisheria. Kliniki ya mtaani inayotangaza "seli shina za meno" kwa bei ya ofa na kuzitoa siku hiyo hiyo ya miadi haiwezi kuwa imezikuza. Huenda inakupa PRF kwa jina la kuvutia zaidi, au uboho uliozungushwa tu. Uliza seli hizo zimetoka wapi, zimehesabiwa na nani, na nani aliyeidhinisha.

Kwa nini upasuaji wa namna moja hufaulu kwa mtu mmoja na kushindwa kwa mwingine?

Mara nyingi unga hauna lawama. Mwaka 2006 Hom-Lay Wang na Lakshmi Boyapati walitaja masharti manne ambayo mpaka leo huyakagua moja baada ya jingine kabla sijashona. Kidonda kifungwe kabisa bila fizi kuvutwa kwa nguvu, damu ifike kwa wingi, nafasi ishikiliwe isibonyee, na bonge la damu litulie lisitikisike. Seli za fizi hukua haraka kuliko za mfupa, kwa hiyo zisipozuiwa kwa utando hujaza nafasi kwa nyama. Unga unaochezacheza chini ya meno ya kubandika hautaota mfupa hata uchanganywe na protini ghali kuliko zote, na hii ndiyo sababu tunamwomba mgonjwa asivae meno hayo juu ya kidonda kwa wiki kadhaa, ombi ambalo ni gumu kwa mwalimu anayesimama darasani au kwa bibi harusi, nami nalielewa.

Daktari amesema atainua sinasi. Ni kitu gani hicho?

Juu ya magego ya taya ya juu kuna uwazi wenye hewa uitwao sinasi, na meno hayo yakiondoka uwazi huo hushuka, hata mfupa uliobaki ukawa milimita 3 au 4 tu. Daktari hufungua kidirisha kidogo ubavuni mwa taya na kuinua ngozi ya ndani ya sinasi, ambayo ni nyembamba kama ule utando ulio chini ya ganda la yai. Nafasi inayopatikana hujazwa unga, na kwa kawaida husubiriwa miezi 6 hadi 9. Hilt Tatum aliianza njia hii miaka ya 1970, na Philip Boyne na Robert James waliichapisha mwaka 1980.

Jambo lililonifundisha mengi kuliko yote katika fani hii ni lile alilolionyesha Stefan Lundgren wa Umeå, Sweden, mwaka 2004, kwamba ngozi hiyo ikiinuliwa na kushikiliwa juu na vipandikizi vyenyewe, mfupa unaweza kuota kwa bonge la damu pekee, bila unga wowote. Nafasi ikitunzwa, mwili unajua la kufanya. Baada ya upasuaji huu usipenge kamasi kwa wiki mbili, na chafya ikija uitoe kwa mdomo wazi.

Je, supu ya kongoro, maziwa au vidonge vya kalsiamu vinaweza kuurudisha mfupa bila upasuaji?

Haviwezi. Kolajeni ya kongoro huyeyushwa tumboni kama nyama nyingine yoyote, na mfupa wa pengo haukuondoka kwa kukosa kalsiamu, uliondoka kwa kukosa kazi. Hata hivyo, mtu anayekula protini ya kutosha hupona vizuri zaidi, kwa hiyo supu inywe, mradi iwe vuguvugu na isinyonywe kwa mrija katika siku za mwanzo.

Nina ugonjwa mwingine au natumia dawa. Bado ninaweza kutibiwa?

Wengi wanaweza, ila mpangilio hubadilika. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha uponaji na kukaribisha maambukizi, kwa hiyo tunataka kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kabla ya kupanga tarehe. Mtu anayeishi na VVU ambaye virusi vyake vimefubazwa na kinga yake iko imara hatengwi na tiba hii, ingawa ni vizuri daktari ajue kama anatumia tenofovir, dawa inayoweza kupunguza uzito wa mifupa. Mwenye selimundu huhitaji ushauri wa daktari wake wa damu, kwani taya yake inaweza kukosa damu ya kutosha au kuambukizwa kwa urahisi. Sigara hubana mishipa midogo ile ile tunayoitegemea, na kwangu mimi anayeshindwa kuiacha kwa wiki chache kabla na baada ya upasuaji ni heri angoje.

Kundi ninalolihofia zaidi ni la wanaotumia au waliowahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, kama zoledronic acid au denosumab, hasa kwa sindano wakati wa saratani ya matiti au ya tezi dume. Tangu Robert Marx alipoliripoti tatizo hili mwaka 2003, inajulikana kwamba kidonda cha mfupa wa taya kwa watu hawa kinaweza kukataa kupona na mfupa ukafa ukiwa wazi. Waliopigwa mionzi ya shingo na taya wana hatari inayofanana na hiyo. Usiifiche historia hii kwa kuogopa kukataliwa matibabu.

Niliondolewa uvimbe pamoja na kipande cha taya. Tiba hizi zinanihusu?

Kwa sehemu. Ameloblastoma, uvimbe usio saratani lakini unaokula taya, ni miongoni mwa uvimbe tunaokutana nao sana katika hospitali za Afrika, na wagonjwa wengi hufika ukiwa umekwisha kuwa mkubwa, hata ikabidi taya ikatwe kutoka upande mmoja hadi mwingine. Pengo la sentimita nyingi lisilo na kuta halijazwi kwa unga na damu iliyozungushwa. Huhitaji mfupa hai wenye mishipa yake, kwa kawaida wa muundi mwembamba wa mguu, unaounganishwa na mishipa ya shingo chini ya darubini, au kipande kikubwa cha nyonga kwa mapengo mafupi zaidi. Baada ya mfupa huo kushika, tiba za kibaiolojia hupata nafasi ya kuongeza kimo au upana palipopungua, na vipandikizi vinaweza kufuata.

Tiba inauma? Inachukua muda gani mpaka nitafune?

Kazi nyingi hufanyika kwa ganzi ya kawaida. Maumivu na uvimbe huwa vikali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Tundu lililojazwa husubiriwa miezi 3 hadi 6, ukingo uliopanuliwa miezi 4 hadi 9, kisha kipandikizi nacho hutaka miezi mingine 2 hadi 6 kabla ya kuvishwa jino. Kwa jumla, mwaka mmoja ni matarajio ya haki. Usaha, homa, au unga mwingi kutoka kwenye kidonda ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo.

Je, ni lazima nirudishe mfupa?

Hapana. Kipandikizi kifupi au chembamba, daraja linaloshikwa na meno ya jirani, au meno ya kubandika yaliyotengenezwa kwa uangalifu yanaweza kumfaa mtu vizuri kabisa, hasa mzee ambaye hataki upasuaji wa mara mbili na ambaye fedha hizo zina kazi nyingine nyumbani. Daktari asiyekutajia njia hizi hajamaliza kukueleza.

Jino langu litang'olewa wiki ijayo. Nifanye nini sasa hivi?

Umeuliza kwa wakati, na laiti wote wangeuliza wakati huu. Mwambie daktari kabla ya ganzi kwamba unafikiria jino la kupandikiza baadaye. Mwombe alitoe jino polepole, ayatenganishe mizizi ya gego badala ya kulitikisa kwa nguvu, na aulinde ule ukuta mwembamba wa upande wa mdomo. Kisha mwulize kama tundu linaweza kujazwa unga au donge la PRF na kufunikwa siku hiyo hiyo. Hatua hiyo haizuii upungufu wote wa mfupa, lakini huupunguza, na kwa kawaida gharama yake ni ndogo kuliko kuujenga ukingo upya baada ya miaka mitano. Kama leo huna fedha ya unga, bonge la damu yako lisilochokonolewa, pamba iliyobanwa kwa nusu saa, na siku nzima ya kutosukutua wala kutema kwa nguvu ni tiba ya kibaiolojia isiyouzwa popote.